Shouldn't have, can't have, needn't have: mgeni anapoelewa kinyume cha ulichosema

Watu wengi wa Lamu wanaofanya kazi na wageni wana Kiingereza cha kuwatosha. Nahodha wa mashua anapatana bei, mpokea wageni wa Shela anaeleza vyumba, mtembezaji anasimulia habari za ngome bila kugugumia. Taabu huanza siku mambo yanapokwenda kombo, pale inapobidi kueleza jambo lililokwisha kupita na kulikanusha: nani hakupaswa kufanya nini, kipi hakikuwezekana, kipi huenda hakikutokea, kipi kisingalitokea. Kiingereza kina visaidizi vyake, yaani vitenzi kama "should", "can" na "might", kwa kila hali kati ya hizo. Ukikosea kimoja, mgeni anaelewa kinyume cha ulichokusudia, na mara nyingi hakuambii kwamba ameelewa kinyume.

Makosa yaliyomo humu ni yale yanayojirudia katika darasa langu la jioni na katika barua ambazo watu huniletea nizisome kabla hazijatumwa. Nimeyapanga kwa dalili, yaani lile unaloliona likitokea, kisha sababu zake, nikianza na ile inayopatikana zaidi. Pale ambapo kosa laweza kumgharimu mtu fedha, kazi au uhuru wake, nimesema wazi: acha hapo, tafuta mwenye kazi yake.

## Kabla ya dalili yoyote

Umbo ni moja kwa yote: kitenzi kisaidizi, kisha "not", kisha "have", kisha umbo la tatu la kitenzi. "Should not have gone." "Could not have seen." Hilo hukaririwa kwa siku chache. Kinachowaponza watu ni kudhani kwamba ikiwepo "not", basi jambo halikutendeka.

Sivyo hata kidogo. Ukisikia "shouldn't have gone", mtu alikwenda. Ukisikia "needn't have gone", alikwenda pia, ila safari ilikuwa ya bure. Ukisikia "can't have gone", msemaji ana yakini kwamba hakwenda. Ukisikia "might not have gone", msemaji hajui.

Kwa hiyo jibu kwanza maswali mawili, kwa Kiswahili chako mwenyewe. La kwanza: jambo lilitendeka, halikutendeka, au sijui? La pili: nataka kulaumu, kukisia, kueleza uwezo, au kusema lingalikuwaje? Ukishajibu hayo, kisaidizi karibu kinajichagua chenyewe. Usipoyajibu, hata mwenye msamiati mpana atateleza.

## Dalili: ulisema halikufanyika, mgeni akahamaki kana kwamba lilifanyika

Mgeni yuko gatini, anauliza kama mabegi yake yameshavushwa Manda kwenye uwanja wa ndege. Nahodha anajibu: "The boys shouldn't have taken the bags." Alikusudia kusema kwamba vijana hawakuambiwa wayapeleke, kwa hiyo mabegi yapo pale pale nyuma ya benchi. Mgeni anasikia kwamba mabegi yamekwenda, na vijana wamekosea. Sauti inapanda.

Sababu ya kwanza, inayozidi zote: "hawakutakiwa" na "hawakupaswa" za Kiswahili hazisemi kama tendo lilifanyika. Unaweza kusema "hawakutakiwa kuyapeleka, na hawakuyapeleka". Unaweza pia kusema "hawakutakiwa kuyapeleka, lakini wameyapeleka vile vile". Zote ni Kiswahili safi. "Shouldn't have" haikupi uhuru huo. Mwingereza akiisikia anajua tendo limeshafanyika na kwamba wewe unalilaumu.

Kipimo chepesi: ongeza kimoyomoyo maneno "but they did" mwishoni mwa sentensi. Yakikubaliana na ukweli, umesema sawa. Yakigongana nao, umekosea kisaidizi. Ukitaka maneno yaliyo wazi kama "hawakutakiwa", tumia "were not supposed to": "The boys weren't supposed to take the bags, and they didn't. They're right here." Hayo hayana hatari.

Sababu ya pili: sentensi ina "yet", nawe hukuisikia. "The boat shouldn't have left yet" si lawama. Maana yake ni "kwa hesabu yangu boti bado haijaondoka". Hapa msemaji anakisia kwa kufuata saa au desturi. Kwa hiyo mgeni akikwambia hivyo, usianze kujitetea. Mjibu tu kama boti ipo au haipo.

Sababu ya tatu, nadra: umesikia "oughtn't to have", hasa kwa Waingereza wa umri mkubwa. Maana ni ile ile ya "shouldn't have", ila hii inataka "to". Ielewe ukiisikia, wewe mwenyewe huna haja nayo.

Jihadhari na jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. "You shouldn't have" ikifuatwa na kitenzi, ukamwambia mgeni, ni karipio, hata ukiisema kwa tabasamu. Mgeni amepita Langoni na nguo za kuogelea, nawe unataka kumstiri kwa heshima. Usimwambie "You shouldn't have come into town like that." Mwambie desturi ilivyo: "In town people usually cover their shoulders and knees." Ujumbe umefika, na hakuna aliyekaripiwa.

## Dalili: uliandika "must not have" kumlaumu mtu, barua ikamtetea

Kosa hili ni la hatari kuliko yote, kwa sababu huonekana zaidi kwenye maandishi kuliko kwenye mazungumzo, na maandishi hubaki.

Msimamizi anaandika taarifa kwa mwenye nyumba aliyeko ng'ambo: "The captain must not have sailed at night." Anakusudia: nahodha hakupaswa kusafiri usiku, na alisafiri. Msomaji wa Kimarekani anasoma: "inaonekana nahodha hakusafiri usiku". Taarifa iliyoandikwa kumwajibisha mtu imekuwa ushahidi wa kumwondolea lawama. Msomaji wa Kiingereza cha Uingereza huenda akasita, asielewe unamaanisha nini, kisha akapita.

Sababu ya kwanza: shuleni tulifundishwa kwamba "must not" ni katazo. Ni kweli, lakini kwa sasa na kwa wakati ujao tu: "You must not sail at night." Ukiongeza "have", katazo linaondoka na linalobaki ni kukisia. Kiingereza hakina njia ya kurudisha katazo la "must" kwenye wakati uliopita. Kwa katazo la jana sema "was not allowed to". Kama katazo lilivunjwa, sema "should not have": "The captain was not allowed to sail at night. He should not have sailed."

Sababu ya pili: ulifasiri "lazima" au "itakuwa". Kwetu mtu husema "lazima hakusikia" au "itakuwa hakusikia", akimaanisha kwamba kwa dalili alizoziona, mtu yule hakusikia. Mmarekani husema "He must not have heard", na kwake ni sahihi kabisa. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofuatwa na shule zetu, kwa kawaida husema "He can't have heard." Yaani kinyume cha "must have heard" ni "can't have heard". Mwanafunzi wa mtihani aandike hivyo. Mgeni akitumia "must not have", au hata "mustn't have" ambayo Waingereza wengine nao huisema, usimsahihishe; elewa tu kwamba anakisia.

Tiba ya haraka: pitia barua yako, na kila unapoona "must not have" ifute. Kama unalaumu, weka "should not have". Kama unakisia, weka "can't have", na kwenye barua rasmi "cannot have". Sijaona barua iliyopungukiwa na chochote kwa kuachana na "must not have".

Acha hapo kama taarifa hiyo inaweza kumfukuzisha mtu kazi, au inakwenda polisi au kwenye kampuni ya bima. Endelea na sehemu ya mwisho ya makala hii kabla ya kuituma.

## Dalili: ulisema huenda, akasikia haiwezekani

Familia inasafiri kwa basi kuja Mokowe, ivuke kwa boti. Simu yao haipatikani. Ndugu yao aliyetangulia anamuuliza mpokea wageni, naye anajibu: "They couldn't have reached Mokowe." Yeye alitaka kusema "huenda hawajafika". Mgeni amesikia "haiwezekani kwamba wamefika", na mara moja anauliza kuna nini njiani. Njia ya bara kuja Lamu ina historia ya mashambulizi, na mgeni aliyesoma maonyo ya usafiri ya nchi yake hahitaji zaidi ya neno moja ili apatwe na kiwewe.

Sababu ni moja, na inaeleweka. Katika kukubali, "could have" na "might have" hukaribiana mno: "They could have arrived" na "They might have arrived" zote ni "huenda wamefika". Mwanafunzi anaona mapacha, basi anayakanusha kama mapacha. Lakini ukileta "not", kila moja inakwenda zake:

- "They might not have arrived": huenda hawajafika, sijui.
- "They couldn't have arrived": haiwezekani kwamba wamefika.
- "They can't have arrived": haiwezekani kwamba wamefika, nikitazama ushahidi nilio nao sasa.

Hizo mbili za mwisho hukutana katika kukisia, na mara nyingi waweza kuibadilisha moja kwa nyingine. Zinaachana pale unapozungumzia uwezo uliokuwepo au usiokuwepo wakati ule. Kwenda Takwa unapita kijito chenye mikoko pande mbili, na mashua huingia maji yakiwa yamejaa. Mgeni akilalamika kwamba aliteremshwa mbali, nahodha anasema: "We couldn't have gone any further, the tide was out." Hapa "can't have" haiwezi kukaa, maana nahodha hakisii chochote, anaeleza hali ya maji ilivyokuwa.

Kipimo chepesi: weka "perhaps" mbele ya sentensi nyepesi ya wakati uliopita. Kama ulichotaka kusema ni "Perhaps they didn't arrive", basi ni "might not have" au "may not have". Usifupishe "may not" kuwa "mayn't". Siku hizi karibu hakuna anayeisema. "Mightn't" ipo, lakini "might not" haina shaka kwa msikilizaji yeyote.

Kuna pia "won't have": "They won't have landed yet." Si habari ya kesho hata kidogo. Msemaji ana hakika kwamba kufikia sasa ndege haijatua, kwa kuwa anajua ratiba yake.

Acha hapo kama swali linahusu dawa, ajali au mtu aliyepotea. Muuguzi au daktari akiuliza kama mgonjwa alimeza dawa, usijaribu kisaidizi chochote. Sema "I don't know if he took it" au "I didn't see him take it". Kama hata hivyo huna uhakika wa lugha, mwite mfanyakazi wa afya anayejua Kiswahili. Tofauti ya "might not" na "couldn't" si ya kujaribiwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

## Dalili: sifa zimefika kama malalamiko

Mpishi mmoja wa Shela aliletewa kitabu cha wageni. Walikuwa wamekaa juma zima, wakila samaki wa kupaka na wali wa nazi, na sahani zilirudi jikoni tupu. Ukurasa wao ulisema: "The food couldn't have been better." Akausoma mara mbili akifuata kwa kidole: food, couldn't, better. Akakifunga kitabu taratibu, akaenda kumuuliza mwenye nyumba kilichoharibika ni nini, chumvi au tui.

Hakikuharibika kitu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizoandikiwa mwaka ule. "Couldn't have been" ikifuatwa na neno la kulinganisha, kama "better", "nicer" au "kinder", husema kwamba jambo lilifika ukomo wake: haikuwezekana kuwa bora kuliko vile. Upande wa pili ndio wa kuuogopa. "The food could have been better", bila "not", ni lawama iliyofungwa kwa adabu. Herufi chache tu ndizo zinazotenganisha hongera na lawama. Kipimo: tafuta kwanza kama kuna "n't", ndipo usome neno la kulinganisha. Na uangalie neno lenyewe, maana "It couldn't have been worse" ni ubaya uliofika mwisho.

Ndugu wa sifa hiyo ni "We couldn't have done it without you". Hakuna aliyeshindwa na lolote. Mgeni anakushukuru kwamba bila wewe wasingaliweza.

Halafu kuna ile inayowaumiza watu wakarimu. Umempa mgeni kasha la halwa siku ya kuondoka, naye anafumba macho na kusema, "Oh, you shouldn't have!" Kijana mmoja aliyenihadithia kisa kama hicho alidhani zawadi yake imekataliwa, akanyoosha mkono aichukue. "You shouldn't have" ikisimama peke yake, bila kitenzi mbele yake, tena kwa sauti ya furaha, ni shukrani. Anasema umejisumbua mno kwa ajili yake. Jibu "It's my pleasure", na halwa yako iache mkononi mwake.

## Dalili: unasimulia ya jana, anadhani unapanga ya kesho

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chanzo kiko ndani ya Kiswahili chetu wenyewe, nasi hatukioni kwa kuwa tumekizoea.

Mtembezaji anasema: "If we knew the tide is going out, we wouldn't go." Mgeni aliyekwama naye saa mbili kwenye matope anamtazama haelewi. Mbona anazungumza kama safari bado haijafanyika?

Sababu ya kwanza: -nge- imebeba kazi mbili. Vitabu vya sarufi hutenga -nge- kwa jambo ambalo bado lingeweza kuwa, na -ngali- kwa jambo lililokwisha kupita. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu husema "tungejua maji yanapwa tusingekwenda" na kila mtu barazani anaelewa kwamba ni habari ya jana. Kiingereza hakisamehi hilo. Bila "have", "wouldn't go" ni ya sasa au ya kesho.

Kipimo hiki sijaona kikishindwa: jaribu kuiweka -ngali- mahali pa -nge-. Kama "tungalijua, tusingalikwenda" inabeba maana ile ile uliyoikusudia, basi Kiingereza kinataka "have": "If we had known the tide was going out, we wouldn't have gone." Kama -ngali- inaharibu maana, "have" haitakiwi.

Sababu ya pili: kuweka "wouldn't have" pande zote mbili. Kiswahili hupenda ulinganifu: "tusingalikwenda, tusingalikwama". Kiambishi kimoja, huku na huku, na sentensi inapendeza masikioni. Mwanafunzi anafasiri vile vile: "If we wouldn't have gone, we wouldn't have got stuck." Utawasikia hata baadhi ya wenyeji wa lugha wakisema hivyo, lakini kwenye mtihani au barua ya kazi ni kosa. Upande wenye "if" unachukua "had not": "If we hadn't gone, we wouldn't have got stuck." Fundisha mkono wako sheria moja: penye "if", "would" haiingii.

Sababu ya tatu: matokeo ni ya sasa, nawe umeweka "have" kwa mazoea. Mko bado matopeni: "If we hadn't stopped to fish, we wouldn't be here now." Kusimama kuvua ni kwa zamani, kukwama ni kwa sasa, kwa hiyo upande wa pili hauna "have". Tazama kama kuna "now" inayoweza kuingia mwishoni.

Ukishaipata hii, inakusaidia hata kuuza safari. Mgeni anajuta hakuja mwezi wa sita. Mwambie, "You wouldn't have enjoyed the sailing in June", kisha umweleze habari ya kusi na bahari inavyochafuka. Au anasikitika amekosa Maulidi: "You couldn't have found a room that week." Hakufika, hakutafuta, lakini unamweleza ingalikuwaje.

## Dalili: mgeni anadai kurudishiwa pesa baada ya sentensi yako

"You needn't have paid" maana yake ni kwamba alilipa, na haikuwa lazima. Ukimwambia hivyo mgeni kuhusu ada ya kitu fulani, umemwambia kwamba pesa zake zimekwenda bure, naye atauliza zilikokwenda. "You didn't need to pay" ni pana zaidi: haikuwa lazima, na huenda alilipa au hakulipa. "Haikuwa lazima ulipe" ya Kiswahili inazibeba zote mbili, ndipo makosa yanapozaliwa.

Mfano ulio salama: mgeni amekodi gari Mombasa na kuliacha Mokowe siku zote alizokaa kisiwani, kwa kuwa mitaa ya mji wa kale ni ya miguu na punda. "You needn't have hired a car" inamfaa kabisa, maana alikodi, na halikumsaidia. Wamarekani huitumia kwa nadra, wao husema "You didn't have to hire a car". Usiongeze "to" baada ya "needn't".

## Dalili ndogondogo za umbo

Hizi hurekebishwa kwa kukagua tu. "He shouldn't has gone": baada ya kisaidizi ni "have" daima, awe mmoja au wengi. "Shouldn't have went", "couldn't have saw": weka umbo la tatu, "gone" na "seen". "Shouldn't of": masikio yamekudanganya, kwa sababu "have" ikisemwa haraka husikika kama "of", andika "have". "Didn't should have": "should" hukanushwa na "not" yake yenyewe, haihitaji "did". "You shouldn't have told nobody": kanusha mara moja, "anybody". Kitu kinapotendewa, "been" huingia katikati: "The donkey shouldn't have been left in the sun."

Ukishindwa kusikia kama ni "could" au "couldn't", hesabu mapigo: "could" ni moja, "couldn't" ni mawili. Kwa "can't have" ni rahisi zaidi, kwani katika sentensi ya kawaida ya kukubali Kiingereza hakisemi "can have" kwa jambo lililopita. Ukisikia "can" na "have" zimefuatana namna hiyo, na si swali, chukulia ni "can't".

## Dalili: ulijibu "Yes", akaondoka akikimbia

Mgeni anafika gatini akihema: "The boat can't have left already?" Kijana anajibu "Yes", kwa maana ya "ndiyo, haijaondoka", kama tunavyokubaliana na mwenye kuuliza kwa kukanusha. Mgeni amesikia "Yes, it has left", na tayari anatafuta boti ya kukodi kwa bei mara kadhaa ya ile ya abiria.

Katika Kiingereza "yes" na "no" hufuata tendo, hazifuati mwulizaji. Limetendeka, "yes". Halikutendeka, "no". Vivyo hivyo kwa "Shouldn't you have called us?": ukikubali kwamba ulipaswa kupiga simu, jibu ni "Yes, I should have. I'm sorry." Ukijibu "No", umekana wajibu wako mbele ya mtu aliyekasirika. Dawa ni kutoliacha neno hilo peke yake. Malizia: "No, it hasn't. It's over there, the blue one."

## Pale pa kuacha na kutafuta wa kazi hiyo

Kuna maandishi ambayo hata mtu mwenye Kiingereza kizuri hapaswi kuyamaliza mwenyewe: maelezo ya polisi, madai ya bima, barua ya nidhamu kazini, mkataba, na taarifa yoyote ya ajali ya baharini. Sababu inatokana na haya haya tuliyoyapitia. "We should not have sailed" ni ungamo. Umesema mlisafiri, na umesema mlikosea. Mwenye kuisoma akitafuta pa kubebesha gharama, ameshapata. "We could not have seen the other boat" ni utetezi. "We might not have seen the other boat" ni kukiri kwamba huenda hamkuiona. Nahodha aliyetaka kuandika moja akaandika nyingine amebadilisha kesi yake nzima bila kujua.

Ukiwa huko, fanya hivi. Andika kwanza kwa Kiswahili, yaliyotokea tu, kwa mfuatano na kwa saa: mashua ilitoka saa ngapi, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, nani alikuwa kwenye usukani. Yasiyotokea na yaliyopasa kutokea yaache kwa sasa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo huna sababu ya kuona haya kutoa maelezo yako kwa lugha unayoimudu. Kama mtu mwingine ameyaandika kwa Kiingereza, omba usomewe sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na kila ikitajwa "should", "could", "might" au "must", simamisha na uulize: hapa imesemwa nilifanya au sikufanya? Jibu lisipokuridhisha, usitie sahihi. Mpelekee wakili karatasi zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ukiwa umepigia mstari kila sentensi yenye shaka.